Kugawa Matini Ndefu Zenye Alama kuwa Mafaili Halali ya Vitabu vya Kielektroniki: Mifano ya Utenzi, Kamusi na Makala za Kongamano

Ikisiri

Kitabu cha kielektroniki humwonekea msomaji kama kitu kimoja, ilhali ndani yake mna mafaili mengi madogo. Makala hii inaeleza sababu za kugawa matini ndefu iliyowekewa alama, mahali panapofaa kukatwa, na marekebisho yanayohitajika ili kila kipande kiwe halali na kitabu kizima kibaki kama kilivyokusudiwa. Mifano imetolewa katika aina tatu za matini za Kiswahili: utenzi, kamusi na kitabu cha makala za kongamano. Hoja kuu ni kwamba ugawaji si kazi ya kupima ukubwa peke yake, bali ni kazi ya kuufuata muundo wa matini. Kipimo cha ubora wake ni uwezo wa kuviunganisha vipande na kuipata tena matini ya awali bila kupotea neno, kiungo wala kitambulisho.

1.0 Utangulizi

Miswada mingi inayoandaliwa kuwa vitabu vya kielektroniki huanza ikiwa faili moja refu. Katika kompyuta ya ofisini faili hilo hufunguka bila taabu. Likifunguliwa katika kifaa kidogo cha kusomea vitabu, au katika simu ya bei nafuu ambayo ndiyo maktaba ya wasomaji wengi wa Kampala, Bujumbura na Bukavu, mambo hubadilika. Kurasa huchelewa kufunguka, kifaa hukwama, na mara nyingine sura za mwisho hazionekani kabisa.

Dawa inayojulikana ni kuligawa faili hilo. Hata hivyo, ugawaji wa pupa huleta madhara ambayo mhariri hayaoni upesi. Kiungo cha tanbihi humpeleka msomaji mahali pasipo na kitu. Ubeti hukatwa katikati. Programu ya kusoma kwa sauti, inayotegemewa na msomaji asiyeona, huanza kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya lugha nyingine. Kwa wanataaluma kuna hasara zaidi: rejea iliyoelekezwa kwenye ubeti au kidahizo fulani hufa pindi toleo jipya linapogawanywa kwa namna tofauti na lile la kwanza.

Sehemu zinazofuata zinaeleza kwanza maana ya uhalali katika matini zenye alama, kisha sababu za kugawa, mahali pa kukata, na namna ya kutengeneza kilichovunjwa na ukataji. Mwishoni hujadiliwa ukaguzi.

2.0 Matini Yenye Alama na Maana ya Uhalali

Matini yenye alama ni matini ambayo sehemu zake zimetajwa waziwazi kwa lebo: hiki ni kichwa, hii ni aya, huu ni ubeti. Msingi wa utaratibu huu ni lugha ya SGML, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 1986. Lugha nyepesi zaidi iliyotokana nayo, XML, ilipendekezwa rasmi na jumuiya ya W3C mwaka 1998. Wataalamu wa fasihi na isimu nao wana mwongozo wao wa kuziwekea alama matini za kitaaluma, yaani TEI, ambao mradi wake ulianza mwaka 1987.

Katika XML, mwandishi anaweza kubuni majina ya lebo katika lugha yoyote. Kielelezo cha 1 kinaonesha sura fupi iliyowekewa lebo za Kiswahili.

Kielelezo cha 1: Sura yenye alama

<sura kitambulisho="s02" lugha="sw">
  <kichwa>Safari ya Bara</kichwa>
  <aya>Msafara uliondoka alfajiri.</aya>
  <aya>Siku ya tatu ulifika mtoni.</aya>
</sura>

Kila lebo inayofunguliwa hufungwa, na lebo ya ndani hufungwa kabla ya ile ya nje, kama vile kifuniko cha kikasha kidogo kinavyofungwa kabla ya kile cha sanduku lililokibeba. Kitu kizima, pamoja na lebo zake mbili na kilichomo, huitwa elementi. Faili linalotimiza masharti haya husemwa kuwa lina umbo timilifu. Uhalali ni sharti la juu zaidi. Faili halali lina umbo timilifu, na zaidi ya hapo linafuata kanuni za aina yake: ni elementi zipi zinazoruhusiwa, ipi inaweza kukaa ndani ya ipi, na kwamba kitambulisho kimoja hakitumiki mara mbili katika faili moja.

Tofauti hii ina uzito katika ugawaji. Tuseme faili la Kielelezo cha 1 limekatwa baada ya aya ya kwanza bila uangalifu. Kipande cha kwanza kitakuwa na lebo ya sura iliyofunguliwa bila kufungwa. Kipande cha pili kitafunga sura ambayo hakikuifungua. Vyote viwili vitakosa umbo timilifu, na programu inayozingatia kanuni za XML haina ruhusa ya kubahatisha maana yake. Itasimama na kutoa taarifa ya kosa.

3.0 Kwa Nini Faili Kubwa Hugawanywa

Muundo wa wazi unaotumiwa sana katika vitabu vya kielektroniki ni EPUB. Toleo lake la 2.0 lilipitishwa mwaka 2007 na jumuiya ya IDPF, na lile la 3.0 mwaka 2011. Mwaka 2017 IDPF iliunganishwa na W3C, ambayo ndiyo iliyopitisha toleo la 3.3 mwaka 2023. Kitabu cha EPUB ni furushi la ZIP. Ndani ya furushi mna mafaili ya matini yaliyoandikwa kwa XHTML, picha, maelekezo ya mwonekano, na faili la maelezo lenye sehemu kuu tatu: taarifa za kitabu, orodha ya mafaili yote, na mfuatano wa kusomwa. Mfuatano huo ndio uti wa mgongo wa kitabu. Ndio unaokiambia kifaa kwamba baada ya sura ya pili ifuatayo ni ya tatu.

EPUB yenyewe haikuweka kikomo cha ukubwa wa faili la matini. Kikomo kinatokana na vifaa. Ili kupanga kurasa, programu nyingi za kusomea hulisoma faili zima la XHTML, hujenga katika kumbukumbu mti wa elementi zake zote, kisha hukokotoa mahali pa kila mstari. Msomaji akiongeza ukubwa wa herufi, hesabu hiyo hurudiwa. Faili likiwa dogo, kazi hufanyika kwa sura moja. Likiwa kitabu kizima, hufanyika kwa kitabu kizima hata kama msomaji anataka ukurasa mmoja tu.

Kutokana na hali hiyo, watengenezaji wa programu wamejiwekea vipimo vyao. Programu ya calibre, inayotumiwa sana kubadilisha na kuhariri vitabu vya kielektroniki, hugawa kila faili linalozidi kilobaiti 260 inapotengeneza EPUB, isipoelekezwa vinginevyo. Maelezo yake yanataja kwamba kiwango hicho kinatokana na mahitaji ya Adobe Digital Editions. Vifaa vya sasa vina nguvu zaidi, lakini kitabu huishi kuliko kifaa. Faili linalosomeka katika kifaa dhaifu litasomeka pia katika kifaa chenye nguvu. Kinyume chake si hakika.

4.0 Mahali pa Kukata

Kanuni ya kwanza ni kukata pale ambapo mwandishi mwenyewe alikwisha kutenganisha. Mpaka wa sura ni bora kuliko mpaka wa sehemu ya sura, na mpaka wa sehemu ni bora kuliko mpaka wa aya. Kuna mipaka isiyovukwa kamwe: ndani ya aya, ndani ya ubeti, ndani ya safu ya jedwali, na kati ya kichwa na aya inayokifuata.

Kanuni hii hutekelezwa kwa kuushuka mti wa elementi kutoka juu. Programu hupima elementi za ngazi ya juu, tuseme sura. Sura isiyozidi kikomo huwa faili lake peke yake. Sura inayozidi hufunguliwa, na sehemu zake hukusanywa moja baada ya nyingine hadi inayofuata ikikaribia kuvuka kikomo. Hapo faili jipya huanzishwa. Sehemu ikizidi kikomo yenyewe, hatua hiyo hiyo hurudiwa kwa aya zake. Ikitokea elementi isiyogawanyika, kama jedwali kubwa, ikazidi kikomo, programu yenye busara haiikati. Huiacha nzima na kumtaarifu mhariri, kwa kuwa uamuzi huo ni wa mtu.

Kamusi huonesha kwa nini kigezo kimoja hakitoshi. Mgawanyo wa kawaida wa kamusi ni wa herufi, lakini herufi za Kiswahili hazina uzito sawa. Herufi M hubeba nomino nyingi za ngeli zinazoanza kwa kiambishi hicho, na K nayo ni nzito, ilhali Q na X hazimo katika alfabeti sanifu. Kukata kwa herufi tu kutaacha faili la M likiwa kubwa kupita kiasi na jingine likiwa na ukurasa mmoja. Inafaa basi herufi nzito zigawanywe zaidi kwa makundi ya vidahizo, huku kidahizo pamoja na fasili, mifano na minyambuliko yake kikibaki kitu kimoja. Mtu anayetafuta neno hapaswi kukuta fasili ya kwanza katika faili moja na ya pili katika jingine.

5.0 Kutengeneza Kilichovunjwa

Kila mkato huvunja vitu vinne: elementi zilizokuwa wazi, sifa zinazorithiwa, viungo na mfuatano. Kila kimoja kina tiba yake.

5.1 Elementi zilizokuwa wazi

Programu ya kugawa hutunza orodha ya elementi zilizofunguliwa ambazo hazijafungwa. Ikifika mahali pa kukata, huzifunga zote kuanzia ya ndani kabisa kwenda nje, kisha huzifungua tena katika faili jipya kuanzia ya nje kwenda ndani. Kuna hadhari moja. Elementi iliyofunguliwa upya isirudie kitambulisho cha ile ya awali. Sura ya “s02” ikigawanywa mara mbili na vipande vyote vikaitwa “s02”, hakuna atakayejua kiungo cha kwenda “s02” kinalenga wapi, na vipande vikiunganishwa tena faili litakosa uhalali. Kipande cha kwanza kibaki na kitambulisho. Kinachofuata kipewe alama ya mwendelezo.

Orodha zenye nambari nazo zinahitaji jicho. Orodha ya hoja kumi na mbili ikikatwa baada ya hoja ya saba, kifaa kitaanza upya kuhesabu kutoka moja katika faili la pili, isipokuwa nambari ya kuanzia imeandikwa waziwazi.

5.2 Sifa zinazorithiwa

Sifa nyingi huandikwa mara moja juu ya mti na kurithiwa na vyote vilivyo chini. Lugha ni mojawapo. Kitabu kilichotajwa mwanzoni kuwa cha Kiswahili kwa msimbo “sw” kikigawanywa, faili la pili halirithi chochote kutoka la kwanza, kwa kuwa kila faili ni mti unaojitegemea. Msimbo usiporudiwa katika kila faili, programu ya kusoma kwa sauti itatumia lugha iliyowekwa katika kifaa, na msomaji asiyeona ndiye atakayeumia. Matini zenye lahaja zaidi ya moja huhitaji umakini zaidi, maana Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake wa “swc” katika orodha ya ISO 639-3. Mazungumzo ya mhusika wa Lubumbashi yaliyotajwa hivyo yasipoteze utambulisho wao kwa sababu ya mkato.

5.3 Viungo

Katika faili moja, kiungo cha tanbihi hutaja kitambulisho peke yake, kwa mfano “#t45”. Tanbihi zikihamishiwa faili jingine, kiungo hicho kinapaswa kutaja na jina la faili: “tanbihi.xhtml#t45”. Kiungo cha kurudi kutoka kwenye tanbihi hadi kwenye matini nacho hurekebishwa vivyo hivyo.

Kazi hii haiwezi kukamilika kwa kupita mara moja, kwa sababu kiungo kilicho katika sura ya kwanza chaweza kulenga sura ya tisa, ambayo faili lake bado halijaamuliwa. Hupitwa mara mbili. Mara ya kwanza programu huamua mikato na kuandika daftari linaloonesha kila kitambulisho kimeangukia faili gani. Mara ya pili huandika upya kila kiungo kwa kulifuata daftari hilo. Katika kamusi, ambamo neno “tazama” humtuma msomaji kutoka herufi moja hadi nyingine, viungo vinaweza kuwa maelfu, na hakuna mhariri awezaye kuvirekebisha kwa mkono bila kukosea.

Kitabu cha makala za kongamano huleta tatizo la namna yake. Kila makala huwa na tanbihi yake ya kwanza, na kila mwandishi huenda ameipa kitambulisho “t1”. Makala zikiwekwa katika faili moja, vitambulisho hugongana kabla ya ugawaji kuanza. Suluhisho ni kuongeza kiambishi cha makala mapema: “m04-t1” hakiwezi kuchanganywa na “m11-t1”, ziwe katika faili moja au mbalimbali.

5.4 Mfuatano

Faili jipya ambalo halikuandikwa katika orodha ya mafaili ni kosa la uhalali. Lililoandikwa katika orodha lakini likasahauliwa katika mfuatano wa kusomwa, msomaji afunguaye ukurasa baada ya ukurasa hatalifikia. Yaliyomo nayo yaelekezwe kwenye mafaili mapya. Vilevile, faili la mwendelezo lisiingizwe katika Yaliyomo kana kwamba ni sura mpya. Mgawanyo wa kifaa usigeuke kuwa mgawanyo wa kazi ya mtunzi.

6.0 Mfano wa Utenzi katika Herufi Mbili

Tenzi ndefu za pwani, kama Utendi wa Tambuka, zina beti zaidi ya elfu moja, na ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kunakiliwa kwa herufi za Kilatini. Mhariri anayetaka kutoa matoleo yote mawili atakutana na jambo ambalo idadi ya beti haimwoneshi.

Tuchukue utenzi wa beti 1,150, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani nane. Katika usimbaji wa UTF-8, herufi ya Kilatini isiyo na alama ya ziada huchukua baiti moja. Mshororo wa mizani nane, pamoja na nafasi kati ya maneno, ni takriban baiti 20, na ubeti ni baiti 80. Lebo za ubeti, kitambulisho chake na lebo za mishororo yake minne huchukua takriban baiti 140 nyingine. Jumla ya ubeti ni baiti 220, na ya utenzi ni baiti 253,000. Kilobaiti 260 ni baiti 266,240. Utenzi unaingia, japo kwa shida.

Katika toleo la herufi za Kiarabu, kila herufi huchukua baiti mbili, na kila irabu inayowekwa juu au chini yake baiti mbili nyingine. Silabi moja ni baiti nne kwa uchache. Mshororo huwa takriban baiti 35, ubeti 140, na pamoja na lebo 280. Utenzi mzima hufikia baiti 322,000 na kuvuka kikomo. Matini ni ileile, mizani ni ileile, lakini toleo moja linahitaji kugawanywa na jingine halihitaji.

Mhariri akiliachia kila toleo likatwe kwa ukubwa wake, matoleo hayo mawili yatakuwa na mipaka tofauti, na msomaji anayeyalinganisha ubeti kwa ubeti atapotea. Ni bora yote mawili yakatwe kwa mpaka mmoja, tuseme beti 200 kwa kila faili au kwa sehemu za kisa zilizokubaliwa na mhariri. Hapo kila toleo litakuwa na mafaili sita, na hata faili kubwa kuliko yote halitazidi baiti 56,000 za beti. Vitambulisho vya beti viendelee kutoka b0001 hadi b1150 bila kuanza upya katika kila faili. Mtafiti anayetaja ubeti wa 734 anataja b0734 katika matoleo yote mawili, na rejea yake haitegemei faili lililoubeba. Katika toleo la Kiarabu, kila faili lirudie sifa mbili: msimbo “sw-Arab” unaotaja lugha na herufi, na mwelekeo wa kuandika kutoka kulia kwenda kushoto. Faili litakalozikosa litaipanga mishororo upande wa kushoto, na alama za uakifishaji zitahama mahali pake.

7.0 Ukaguzi

Chombo rasmi cha kukagua EPUB ni EPUBCheck, kinachotunzwa na DAISY Consortium na kupatikana bila malipo. Chombo hiki hugundua faili lisilo na umbo timilifu, kitambulisho kilichorudiwa, faili lisilo katika orodha na kiungo kisichofika popote. Hata hivyo, hakijui kwamba ubeti umekatwa katikati, wala kwamba kiungo kinafika mahali palipo halali lakini siko kulikokusudiwa. Kitabu chaweza kuwa halali kwa kanuni na bado kikawa kibovu kwa msomaji.

Kwa hiyo ukaguzi wa kanuni uambatane na jaribio la kurejesha. Vipande vyote huunganishwa kwa kufuata mfuatano wa kusomwa, kisha hulinganishwa na matini ya awali. Maswali ni matatu. Je, maneno yote, lebo zikiondolewa, ni yaleyale na kwa mpangilio uleule? Je, kila kitambulisho cha awali kipo, na kipo mara moja tu? Je, kila kiungo kinalenga elementi ileile kiliyoilenga kabla ya mkato? Jibu la “hapana” kwa swali lolote linamaanisha kwamba ugawaji umeibadilisha kazi ya mwandishi.

Jaribio hili linawezekana pale tu ambapo matini ya awali imehifadhiwa. Mafaili yaliyogawanywa yachukuliwe kuwa mazao ya muda kwa ajili ya vifaa vya leo, na matini moja kamili yenye alama ndiyo iwe hazina. Marekebisho ya tahajia au ya fasili yafanywe katika hazina, kisha ugawaji urudiwe na programu. Mhariri anayesahihisha ndani ya vipande hujikuta baada ya miaka michache ana matoleo mawili yasiyokubaliana, bila kujua lipi ndilo sahihi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kugawa matini ndefu kuwa mafaili madogo halali ni kazi ya uhariri inayotekelezwa kwa msaada wa kompyuta. Ukubwa wa faili huamua kama kuna haja ya kukata; muundo wa matini ndio unaoamua wapi. Elementi zilizokatwa zifungwe na kufunguliwa upya, sifa zinazorithiwa zirudiwe, viungo viandikwe upya kwa kufuata daftari la vitambulisho, na mfuatano wa kusomwa ulingane na ule wa mwandishi.

Kwa taasisi za Kiswahili za ukanda huu zinazoandaa kamusi, diwani na vitabu vya makongamano katika umbo la kielektroniki, inapendekezwa mambo matatu: kila kitengo kinachoweza kurejelewa, kiwe ubeti, kidahizo au aya, kipewe kitambulisho cha kudumu kabla ya ugawaji wowote, lugha, lahaja na aina ya herufi zitajwe katika kila faili, na matini kamili ihifadhiwe kando ya vipande vyake. Vifaa vitabadilika na vikomo vyake vitaondoka. Ubeti wa 734 unapaswa kubaki ubeti wa 734.